Ubunilizi na Uamuzi: Nafasi ya Kuwaza Yasiyokuwepo katika Urazini wa Kivitendo

Utangulizi

Tuseme jamaa fulani wameketi sebuleni kujadili suala la karo. Kijana wao amepata nafasi chuoni, pesa hazitoshi, na baba amependekeza kwamba ekari moja kati ya mbili walizo nazo iuzwe. Ami yake kijana anaafiki papo hapo. Anataja bei ya shamba, anataja kiasi cha karo, na hesabu inaingiana barabara. Ndipo nyanya, aliyekuwa kimya muda huo wote, anapouliza: "Huyu mtoto akimaliza masomo, akaoa, akaja hapa na mkewe, mtamwonyesha ajenge wapi?" Ami anamjibu kwa heshima: "Mama, hayo hayajatokea. Tuzungumzie yaliyopo."

Makala haya yanahusu jibu hilo la ami. Ni jibu linalosikika mara nyingi, si sebuleni tu bali hata katika kumbi za mihadhara. Limejengwa juu ya imani kwamba kufikiri ni kazi moja na kubuni ni kazi nyingine. Kwamba mtu mwenye busara hushughulika na yaliyopo, ilhali yasiyokuwepo ni ya watambaji hadithi na washairi. Imani hiyo inatuhusu moja kwa moja sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kwa kuwa inaigawa taaluma yetu pande mbili: isimu ihesabiwe kuwa ya akili, na fasihi ihesabiwe kuwa ya burudani.

Tunanuia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Hoja yetu ni kwamba ubunilizi ni hatua ya lazima ndani ya urazini wa kivitendo. Asiyeweza kuwaza yasiyokuwepo hawezi kuamua. Anaweza tu kufuata mkondo. Hata hivyo, tutaonyesha pia kwamba si kila ubunilizi hufaa, na kwamba ule unaofaa una nidhamu yake.

Ufafanuzi wa Dhana

Ni vyema tuanze kwa kufafanua dhana mbili zitakazotumika. Kwa ubunilizi tunakusudia uwezo wa mtu kujenga akilini picha ya jambo ambalo haliko mbele ya hisi zake: ama kwa sababu lilikwisha kupita, ama halijatokea, ama haliwezi kutokea kamwe. Katika uhakiki wa fasihi neno hili huhusishwa zaidi na kazi za kubuni kama riwaya na tamthilia. Hapa tunalipanua lijumuishe pia ile kazi ya kila siku ya akili inayomwezesha mama kukadiria iwapo unga uliobaki utafika mwisho wa wiki.

Kwa urazini wa kivitendo tunakusudia kufikiri kunakokusudia kutenda. Urazini wa kinadharia huuliza: jambo hili ni kweli au si kweli? Urazini wa kivitendo huuliza: nifanye nini? Tofauti baina ya maswali haya mawili ni kubwa. Swali la kwanza linahusu ulimwengu ulivyo. La pili linahusu ulimwengu utakavyokuwa baada ya mkono wangu kuugusa, na ulimwengu huo bado haujakuwepo. Hapa ndipo jibu la ami linapoanza kuyumba. Yeye mwenyewe anapotaja karo itakayolipwa kwa bei ya shamba lisilouzwa bado, anazungumzia mambo ambayo hayajatokea. Tofauti yake na nyanya ni umbali wa kuona: yeye amewazia siku ya malipo, nyanya amewazia miaka kumi baadaye.

Mtazamo wa Wanafikra

Fikra hii si ngeni. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusia suala hili katika kitabu chake kuhusu nafsi. Alitofautisha aina mbili za uwezo wa kujenga picha akilini. Ya kwanza inatokana na hisi, na hata wanyama wanayo. Ya pili ni ya kushauriana na nafsi, nayo hupatikana kwa viumbe wenye kufikiri pekee. Ili mtu achague baina ya hili na lile, kwa maoni yake, hana budi kuziweka picha kadhaa pamoja na kuzipima kwa kipimo kimoja.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, Ibn Sina (980–1037) aliendeleza mjadala huo kwa lugha ya Kiarabu. Alieleza kwamba ndani ya binadamu mna nguvu inayochukua picha zilizohifadhiwa na kuziunganisha au kuzitenganisha apendavyo mwenyewe. Nguvu hiyo hiyo moja aliipa majina mawili. Isipoongozwa na akili huitwa mutakhayyila, yaani yenye kujenga taswira. Ikiongozwa na akili huitwa mufakkira, yaani yenye kufikiri. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja mzizi wa jina la pili, kwani ndio uliotupatia maneno fikra, fikiri na tafakari. Kwa mujibu wa mtazamo huu, basi, kufikiri hakukai nyumba moja na kubuni nyumba nyingine. Kufikiri ni kule kule kubuni kulikotiwa hatamu.

Katika karne ya 20, mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alilitolea suala hili sura ya kidrama. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1922 kuhusu maumbile ya binadamu na mwenendo wake, alieleza kwamba kutafakari kabla ya kutenda ni sawa na kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza akilini. Kila njia iliyo wazi hupewa nafasi yake jukwaani, tukaona inakoelekea. Faida ya mazoezi haya ni kwamba kosa likitokea jukwaani humo haligharimu kitu, ilhali kosa likitokea maishani halifutiki. Shamba lililouzwa akilini hurudi kwa mwenyewe jioni iyo hiyo, jambo lisilowezekana kwa shamba lililouzwa mbele ya wakili.

Uchunguzi wa kisayansi nao umeongeza uzito. Mnamo 2007, watafiti wa London wakiongozwa na Demis Hassabis walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wagonjwa watano waliopoteza kumbukumbu kutokana na madhara katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Waliwaomba wawazie hali mpya, kwa mfano kwamba wamelala juu ya mchanga mweupe kando ya ghuba nzuri, kisha waeleze wanachokiona. Wengi wa wagonjwa hao walishindwa kuijenga picha iliyoshikamana. Walitoa vipande vipande visivyoungana. Matokeo haya yalidokeza kwamba kukumbuka yaliyopita na kuwazia yajayo hutegemea kwa kiasi kikubwa mitambo ile ile ya ubongo. Wahenga wetu hawakuwa na vyombo vya kupimia ubongo, lakini waliposema kuishi kwingi ni kuona mengi walikuwa wakituambia jambo linalokaribiana na hilo: aliyeona mengi ana akiba kubwa ya kujengea picha za kesho.

Sarufi kama Chombo cha Ubunilizi

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanaihusu vipi lugha? Jibu ni kwamba sarufi yenyewe ya Kiswahili imetupatia vyombo vya kazi hii. Tuchunguze sentensi tatu ambazo huenda zikatamkwa katika kikao tulichokitaja:

(a) Tukiuza shamba, tutalipa karo.
(b) Tungeuza shamba, tungelipa karo.
(c) Tungaliuza shamba, tungalilipa karo.

Katika sentensi (a), kiambishi -ki- kinaliweka jambo mlangoni. Msemaji analiona kuwa linaweza kutokea wakati wowote, na jibu lake limekwisha kuandaliwa. Katika (b), kiambishi -nge- kinalisogeza jambo hatua moja nyuma. Linatazamwa kwa mbali kidogo, bila ya mtu kujifunga nalo. Ni kauli ya mtu anayepima. Katika (c), kiambishi -ngali- kinafunga mlango: wakati umepita, shamba halikuuzwa, karo haikulipwa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku tofauti baina ya -nge- na -ngali- hufifia, lakini sarufi sanifu inaitambua, nasi tunaitahiniwa.

Kwa bahati mbaya, viambishi hivi hufundishwa mara nyingi kama mtego wa mtihani. Mwanafunzi huonywa asichanganye -nge- na -ngali- katika sentensi moja, akatiwa alama nyekundu, na somo likaishia hapo. Anachokosa kuambiwa ni kwamba amekabidhiwa ngazi ya umbali: kutoka linalokaribia, hadi linalopimwa, hadi lililokwisha kupotea. Mtu anayeweza kupanda na kushuka ngazi hii kwa ustadi anaweza kulitazama jambo moja kutoka pande tatu kabla ya kuamua. Hata -ngali-, ambayo yaonekana kuwa ya majuto matupu, ina kazi yake. Majuto ni mjukuu, naam, lakini anayesema "tungaliuza wakati ule" anayarudia maamuzi ya jana ili aamue vyema kesho.

Methali zetu pia ni mazoezi ya ubunilizi yaliyofupishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta humtaka msikilizaji auone ukuta mzima ulioanguka pale ambapo macho yake yanaona mstari mwembamba tu. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji humtaka aone wembe juu ya kichwa chake mwenyewe, ingawa uliopo uko juu ya kichwa cha mwingine. Methali ya kwanza inahamisha wakati. Ya pili inahamisha nafsi. Zote mbili zinaelekeza kwenye kitendo mahususi: ziba, tia maji.

Mfano Halisi: Uhuru Park, 1989

Ili tusibaki katika nadharia, tutazame tukio moja la historia yetu. Mwaka 1989 palizuka mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Jumba hilo lilinuiwa kuwa na makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo, pamoja na gazeti la Kenya Times. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, aliupinga mpango huo kwa barua alizowaandikia wakuu mbalimbali.

Katika barua yake kwa Balozi wa Uingereza jijini Nairobi, Maathai alilinganisha ujenzi huo na ule ambao ungefanywa katika bustani ya Hyde Park jijini London, au Central Park jijini New York. Ulinganisho huo unastahili kuchunguzwa. Hakuna jumba lililokuwa likijengwa Hyde Park. Msomaji wa barua alitakiwa alijenge yeye mwenyewe akilini. Akishalijenga, akajikuta anakataa, basi amefungwa na jibu lake: ikiwa jambo hili halivumiliki kwetu, kwa nini livumilike kwao? Picha ile isiyokuwepo ndiyo iliyofanya kazi ya hoja. Lau Maathai angaliorodhesha tu ukubwa wa bustani na idadi ya ghorofa, angalitoa taarifa sahihi lakini asingalimhamisha msomaji wake kutoka pale aliposimama.

Maathai alishambuliwa kwa maneno makali bungeni. Hata hivyo, wafadhili wa kigeni walijiondoa na jumba lile halikujengwa. Hatudai kwamba ulinganisho mmoja ndio uliouzuia mradi mzima. Palikuwa na sababu nyingi, zikiwemo za kifedha na za kisiasa. Tunachodai ni kwamba hapa tunaona ubunilizi ukifanya kazi katikati ya uamuzi wa umma, mahali ambapo watu wa mambo yaliyopo hudhani kwamba hauna nafasi.

Hatari za Ubunilizi Usio na Nidhamu

Itakuwa kosa kuusifu ubunilizi bila ya kutaja madhara yake. Hatari kuu ni kuwazia hadithi moja tu, ile tunayoitamani. Wanafunzi wenzangu watajitambua katika mfano ufuatao. Mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake walichapisha uchunguzi ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria muda ambao wangechukua kuikamilisha. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Walipoombwa wakadirie iwapo mambo yote yangewaendea vibaya kabisa, walisema siku 49 hivi. Muda waliouchukua kwa hakika ulikuwa siku 55 au zaidi kidogo, kwa wastani. Hata ubaya waliouwazia haukufikia uhalisi wa kawaida.

Kosa la wanafunzi hao halikuwa kuwazia, bali kuwazia kwa uvivu. Walijiona wakiketi, wakiandika, wakimaliza. Hawakujiona wakiugua homa, wakimsubiri msimamizi, wala wakipoteza kazi yao kwa sababu umeme umekatika. Tunaweza basi kutaja masharti matatu ya ubunilizi unaofaa katika uamuzi.

Kwanza, uwe na vijisehemu. Picha ya jumla hupendeza na kudanganya. Picha yenye siku, majina, gharama na masafa hujifichua yenyewe penye kasoro.

Pili, uwe wa picha zaidi ya moja, na mojawapo iwe ya kushindwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein alipendekeza mwaka 2007 kwamba kabla ya mradi kuanza, wahusika wajifanye kuwa umekwisha kuporomoka, kisha kila mmoja aeleze kilichouporomosha. Kwa lugha yetu, badala ya kuuliza "Je, tutashindwa?" waseme "Tumeshindwa. Ni kwa nini?" Mabadiliko ni ya kiambishi tu, kutoka -ta- hadi -me-, lakini swali la kwanza hujibiwa kwa matumaini, na la pili hudai maelezo.

Tatu, ukubali kupimwa kwa ukweli. Hapa ndipo ami anapopata haki yake. Hesabu zake ni za lazima, kwani picha isiyogusana na hesabu ni njozi. Aidha, swali la nyanya nalo lazima lipimwe. Je, ni hakika kwamba kijana atarudi kujenga kijijini? Huenda akapata kazi mjini akakaa huko. Na asiposoma kabisa, akabaki na ekari zake mbili, tunamwonaje baada ya miaka kumi? Nyanya amefungua dirisha moja. Busara ni kufungua na mengine.

Fasihi kama Uwanja wa Mazoezi

Ikiwa haya ni kweli, basi fasihi haiwezi kuwa pambo. Chukua riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Mandhari yake ni nchi inayoelea angani, isiyoweza kupatikana katika ramani yoyote. Mhusika Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Anapojitetea hategemei kanuni tupu. Anasimulia habari za wajumbe ambao nchi yao iliwatuma mbali, na jinsi walivyotendewa waliporejea. Ndani ya hadithi ya kubuni, masimulizi yanatumika kama utetezi mbele ya baraza lenye mamlaka ya kutoa hukumu. Na msomaji wa enzi ya ukoloni, aliyeisoma nchi ya angani, alipewa nafasi ya kuipima nchi iliyo chini ya miguu yake.

Anayesoma riwaya kwa makini hujizoeza kuishi maamuzi yasiyo yake: kusaliti au kutosaliti, kuondoka au kubaki, kusema au kunyamaza. Hatuwezi kudai kwamba kila msomaji wa fasihi huwa mwamuzi bora. Wapo wasomaji wengi walioamua vibaya. Lakini mazoezi hayo humpa akiba ambayo asingaliipata kwa kuishi maisha yake peke yake, maana umri wa mtu mmoja ni mfupi kwa kuona mengi.

Isitoshe, jambo hili linapaswa kuathiri namna tunavyofundisha. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje tu sifa za mhusika, tungemuuliza: angalitenda vingine, riwaya ingaliishaje? Swali hilo ni la fasihi, ni la sarufi, na ni la maisha. Linamlazimu aitumie -ngali- kwa sababu anaihitaji, wala si kwa sababu ya kuiogopa kalamu nyekundu.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba kuamua ni kuchagua baina ya mambo yasiyokuwepo bado, na kwamba hakuna njia ya kuyafikia mambo hayo isipokuwa kwa ubunilizi. Tumeona kwamba wanafikra wa zama na lugha mbalimbali walikiri hivyo, kwamba Kiswahili kina vyombo vya kazi hiyo katika viambishi na methali zake, na kwamba ubunilizi usipotiwa hatamu humpoteza mwenyewe.

Turudi sebuleni tulikoanzia. Tuseme baba hakulipuuza swali la nyanya, bali alilikalisha karibu na hesabu za ami. Karo inahitajika sasa. Ardhi itahitajika baadaye. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja, mtu fulani, pengine kijana mwenyewe, huenda akauliza: "Je, tungeikodisha ekari hiyo kwa miaka minne badala ya kuiuza, halafu upungufu tuutafutie mkopo?" Huenda hesabu zikakubali, huenda zikakataa. Lakini chaguo hilo la tatu halikuwemo kikaoni mwanzoni. Halikutokana na yaliyopo. Lilizaliwa pale mtu mmoja alipothubutu kumwona bibi arusi ambaye hajachumbiwa, amesimama uani na mizigo yake, akiuliza atajenga wapi.